Tabibu wa Mbali: Enzi Ambapo Ugonjwa Ulisafiri kwa Barua

Mnamo tarehe 7 Machi 1784, James Boswell, mwanasheria na mwandishi wa Uskoti, aliwaandikia barua madaktari watatu mashuhuri wa mji wa Edinburgh. Barua ilihusu mgonjwa ambaye hakuwa Edinburgh wala karibu yake. Huyo alikuwa Samuel Johnson, mtunzi wa kamusi maarufu ya Kiingereza, aliyekuwa amefungiwa na maradhi nyumbani kwake London, zaidi ya kilomita 600 upande wa kusini. Johnson mwenyewe ndiye aliyemwomba rafiki yake awaulize madaktari wa kwao kuhusu hali yake.

Boswell hakuwa tabibu, lakini alieleza mambo kwa mpangilio ambao mwalimu yeyote wa udaktari angefurahi kuuona kwa wanafunzi wake. Alianza na umri: miaka 74. Akaeleza yaliyotangulia: kiharusi cha majira ya joto yaliyopita, ambacho mgonjwa alikuwa amepona karibu kabisa, na kabla ya hapo kikohozi chenye makohozi. Kisha akaja kwenye shida ya sasa: kubanwa na pumzi katika majira ya baridi, hata mgonjwa akakaa ndani kwa takriban miezi mitatu. Akaongeza taarifa ya Richard Brocklesby, daktari aliyekuwa akimhudumia Johnson huko London. Baridi kidogo tu ilitosha kukibana kifua, mgonjwa akashindwa kulala kitandani, akakesha ameketi. Usingizi aliupata kwa msaada wa dawa za afyuni. Miguu na mapaja yalikuwa yamevimba. Mwisho akataja dawa iliyokuwa ikitumika wakati huo na mawazo ya mgonjwa mwenyewe: Johnson aliona kuwa maji yanazidi kujaa mwilini, na alidhani nchi yenye joto ingemfaa.

Madaktari wale walijibu kwa heshima na kwa makini. Hakuna aliyesafiri kwenda London kumpima. Kwa watu wa zama hizo, jambo hilo halikuwa la ajabu hata kidogo.

Desturi ya kale

Kuomba ushauri wa tabibu kwa maandishi ni desturi yenye umri mrefu. Mwishoni mwa karne ya 12, Musa bin Maimun, tabibu na mwanazuoni wa Kiyahudi aliyeishi Misri, aliandika kwa Kiarabu risala ya utunzaji wa afya kwa ajili ya al-Afdal, mwana wa Salahuddin al-Ayyubi. Mtawala huyo alikuwa akisumbuliwa na tumbo kutosaga chakula, choo kigumu na huzuni isiyomwacha. Katika vyuo vikuu vya Italia, tangu karne ya 13, maprofesa wa tiba waliandika mashauri kuhusu mgonjwa mmoja mmoja, na mashauri hayo yalikusanywa na kusomwa na wanafunzi kama mifano ya kazi.

Ilipofika karne ya 18, desturi hiyo ilikuwa imefikia kilele chake barani Ulaya. Huduma za posta zilikuwa zimeimarika na idadi ya watu waliojua kusoma na kuandika ilikuwa imeongezeka. Madaktari wenye sifa, hata hivyo, walikuwa wachache na waliishi katika miji michache. Mgonjwa wa shambani, mke wa mchungaji wa kanisa, ofisa wa jeshi aliye ng'ambo, wote waliweza kufika kwa daktari bingwa kupitia karatasi. Wawili kati ya mabingwa hao wameacha hazina kubwa ya barua: William Cullen wa Edinburgh, aliyeishi kati ya 1710 na 1790, na Samuel-Auguste Tissot wa Lausanne, Uswisi, aliyeishi kati ya 1728 na 1797. Barua za Cullen zilizohifadhiwa ni maelfu; alizoandikiwa Tissot na wagonjwa wake ni zaidi ya elfu moja.

Kwa nini barua ilitosha

Msomaji wa leo anaweza kushangaa: daktari atatibuje mtu asiyemwona? Jibu limo katika namna ugonjwa ulivyoeleweka wakati huo. Tiba iliyorithiwa kutoka kwa Wayunani, ikaendelezwa na matabibu wa ulimwengu wa Kiislamu, ilifundisha kwamba afya ni ulinganifu wa mwili mzima. Ulinganifu huo ulitegemea mambo sita: hewa, chakula na kinywaji, mwendo na mapumziko, usingizi na kukesha, vinavyotoka na vinavyobaki mwilini, pamoja na hisia za moyo. Hata madaktari wa kizazi cha Cullen, waliotilia mkazo mishipa ya fahamu kuliko nyongo na balghamu, waliendelea kuuliza habari za mambo hayo sita. Na mambo hayo hayaonekani kwa macho katika ziara ya nusu saa. Anayeyajua ni mgonjwa mwenyewe.

Zaidi ya hayo, daktari aliyekuwa kando ya kitanda hakuwa na vifaa vingi kuliko yule wa mbali. Alishika mshipa wa mkono, akatazama ulimi, mkojo na rangi ya uso, basi. Kumvua mgonjwa nguo na kumbonyeza tumbo hakukuwa sehemu ya kawaida ya kazi ya tabibu msomi. Masimulizi ndiyo yaliyokuwa kipimo kikuu, na masimulizi yanaweza kuandikwa.

Barua nyingi hazikuandikwa na mgonjwa peke yake. Mume aliandika kwa niaba ya mke, mama kwa niaba ya mtoto. Mara nyingi mwandishi alikuwa daktari wa upasuaji au muuza dawa wa kijijini, aliyeeleza alichokiona na dawa alizokwisha kujaribu, kisha akaomba shauri la bingwa. Mfanyakazi wa zahanati anayeandika barua ya rufaa leo anaendeleza kazi hiyohiyo.

Njia hii ilikuwa na mipaka iliyojulikana na wote. Ugonjwa wa ghafla haukusubiri posta. Kwa hiyo barua zilihusu zaidi maradhi ya muda mrefu: jongo, kifua, tumbo lisilotulia, kifafa, maumivu ya kichwa, shida za hedhi, huzuni na wasiwasi. Gharama nayo ilikuwapo. Nchini Uingereza, kabla ya mageuzi ya posta ya mwaka 1840, kwa kawaida mpokeaji ndiye aliyelipia barua, na malipo yalipanda kwa umbali na kwa idadi ya karatasi.

Majibu ya Cullen

Cullen alikuwa profesa wa tiba katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Pamoja na kufundisha na kuwatembelea wagonjwa wa mjini, alijibu barua mfululizo kwa miaka mingi. Jibu lake kwa kawaida lilianza na maoni kuhusu asili ya ugonjwa. Kisha yakafuata maelekezo ya maisha: chakula kipi kiliwe na kipi kiachwe, nguo gani zivaliwe, mgonjwa aoge vipi, alale lini, apande farasi au atembee kwa kiasi gani. Dawa zilikuja mwisho, zikiwa na maelekezo ya kumpa muuza dawa wa karibu azichanganye.

Baadhi ya dawa hizo zina nafasi katika historia ya tiba hadi leo, kama gome la mti wa sinkona ambamo kwinini ilipatikana baadaye. Nyingine hazikuwa na faida, na nyingine ziliumiza: kutolewa damu, kutapishwa, kuharishwa, kuunguzwa ngozi ili itoe malengelenge. Asomaye barua hizo leo na asitukuze kila kilichomo. Daktari aliyesikiliza vizuri bado aliweza kuagiza tiba mbaya, kwa kuwa elimu ya wakati wake iliishia hapo.

Katika jambo moja Cullen aliwatangulia wengi: alitunza kumbukumbu. Hakuridhika kupokea barua na kuisahau. Kila jibu lake lilinakiliwa kabla ya kutumwa, hapo mwanzo kwa mkono wa karani. Kuanzia mwaka 1781 alitumia mashine mpya ya kunakili iliyobuniwa na James Watt, mhandisi anayejulikana zaidi kwa injini ya mvuke. Karatasi nyembamba iliyoloweshwa iligandamizwa juu ya barua yenye wino mbichi, ikachukua alama zake, nayo ikasomwa kwa upande wa nyuma. Mgonjwa alipoandika tena baada ya miezi sita, Cullen aliweza kutazama alichomwambia mara ya kwanza. Kumbukumbu hizo zimehifadhiwa katika Chuo cha Kifalme cha Matabibu cha Edinburgh. Ni faili za wagonjwa zilizoandikwa kabla ya hospitali nyingi kufikiria kuwa na faili.

Maswali ya Tissot

Tissot alikabiliana na tatizo tofauti. Wagonjwa walimwandikia kurasa nyingi, lakini jambo lililohitajika halikuwamo. Mwaka 1761 alichapisha kitabu cha ushauri wa afya kwa watu wa kawaida, kilichotafsiriwa katika lugha nyingi za Ulaya. Mwishoni mwa kitabu hicho aliweka orodha ya maswali ambayo mtu sharti aweze kuyajibu anapotaka ushauri wa daktari. Maana ya maswali hayo, kwa muhtasari, ni hii:

– Mgonjwa ana umri gani? Kabla ya hapo alikuwa na afya njema? Anaishi maisha ya namna gani?

– Ugonjwa ulianza lini, na ulianza vipi?

– Je, ana homa? Mshipa wa mkono unapiga kwa nguvu au kwa udhaifu?

– Maumivu yako wapi: kichwani, kooni, kifuani, tumboni?

– Anakula? Anapata kiu? Analala? Choo na mkojo vikoje? Anatoka jasho?

– Ametumia dawa gani hadi sasa, na zilimfanya nini?

Kwa wanawake aliongeza maswali ya hedhi na ujauzito. Kwa watoto aliuliza umri kamili, meno, minyoo na ukubwa wa tumbo.

Mhudumu yeyote wa afya ataitambua orodha hii mara moja, maana ndiyo historia ya ugonjwa inayofundishwa darasani. Tofauti ni kwamba Tissot aliiweka mikononi mwa mgonjwa. Aliamini kwamba mtu wa kawaida anaweza kufundishwa kuutazama mwili wake na kueleza alichokiona, na kwamba daktari hufanya kazi nusu tu pale mgonjwa asipoifanya ya kwake.

Siri, aibu na hofu

Karatasi ilikuwa na heri nyingine: haikumkodolea mtu macho. Mambo ambayo mgonjwa angeona haya kuyatamka mbele ya daktari wa mtaani, aliweza kuyaandika kwa bingwa wa mbali ambaye pengine hangekutana naye maishani.

Heri hiyo ilikuja na hatari, nayo inaonekana wazi katika barua za Tissot mwenyewe. Mwaka 1760 alikuwa amechapisha kitabu kikidai kwamba punyeto husababisha maradhi makubwa ya mwili na akili. Dai hilo halikuwa kweli, na tiba ya leo imelikataa. Lakini kitabu kilisomwa mno, na baada yake zikamfikia barua za wasomaji waliojaa majuto, wakihusisha kila kichefuchefu na kila usingizi mbaya na kosa walilolisoma kitabuni. Daktari alikuwa amepanda hofu kwa maandishi, nayo ikamrudia kwa maandishi ikiwa imevaa sura ya dalili. Anayesoma habari za afya kwenye simu usiku wa manane, akaamka asubuhi akiwa na ugonjwa aliousoma, ni ndugu wa wasomaji wale.

Mwaka 1761 na mwisho wa barua

Mwaka uleule wa kitabu cha Tissot, vitabu vingine viwili vilichapishwa Ulaya, navyo vilielekea upande mwingine kabisa. Huko Vienna, Leopold Auenbrugger alieleza namna ya kugonga kifua kwa ncha za vidole na kutambua kwa sauti iwapo ndani kuna hewa au maji. Husimuliwa kwamba wazo hilo alilipata kwa baba yake, mwenye nyumba ya wageni, aliyegonga mapipa ili kujua kinywaji kilikuwa kimebaki kiasi gani. Nchini Italia, Giovanni Battista Morgagni, profesa wa Padova aliyekuwa na umri wa miaka 79, alichapisha kazi ya maisha yake. Alilinganisha dalili za mamia ya wagonjwa na kile kilichoonekana miili yao ilipopasuliwa baada ya kifo, akaonyesha kwamba ugonjwa una makazi yake ndani ya kiungo fulani. Kitabu hicho kilichofungua njia ya kuiondoa tiba kwenye barua kilipangwa chenyewe kwa mtindo wa barua 70.

Mabadiliko hayakuja siku moja. Ilipita miongo kadhaa kabla ya kazi ya Auenbrugger kutiliwa maanani. Kisha, mwaka 1816, René Laennec alikunja karatasi kuwa mfano wa bomba jijini Paris, akasikiliza moyo wa mgonjwa, na kifaa cha kusikilizia kifua kikazaliwa. Tangu hapo daktari aliweza kujua jambo ambalo mgonjwa mwenyewe hakulijua na hangeweza kuliandika. Katika karne ya 19 kipimajoto, hadubini na hatimaye eksirei vilifuata. Shauri la barua likapungua thamani, na pamoja nalo ikapungua, polepole, subira ya kusikiliza.

Barua ya Johnson yatazamwa upya

Daktari wa leo akiisoma barua ya Boswell, hatahitaji kusoma mara mbili. Mzee aliyewahi kupata kiharusi, ambaye pumzi humbana akilala na kupata nafuu akiketi, tena miguu imevimba hadi mapajani: picha hiyo kwanza huashiria moyo unaoshindwa kusukuma damu ipasavyo, huku kikohozi cha muda mrefu kikielekeza pia kwenye mapafu. Johnson alifariki tarehe 13 Desemba 1784. Mwili wake ulipochunguzwa, moyo ulikutwa umetanuka, na mapafu hayakunywea kama inavyotarajiwa kifua kinapofunguliwa. Yaliyokuwa ndani yalilingana na yaliyokuwa barua.

Basi masimulizi hayakukosea. Kilichokosekana ni tiba. Mwaka mmoja baada ya kifo hicho, William Withering alichapisha kitabu chake kuhusu mmea wa dijitali na watu waliojaa maji mwilini, dawa ambayo ingetumika kwa maradhi ya moyo kwa karne mbili. Leo mgonjwa mwenye simulizi kama ile ana vipimo na dawa zinazoweza kumrefushia maisha kwa miaka. Anachoweza kukosa, katika foleni ndefu ya kliniki, ni mtu wa kulisikiliza simulizi lenyewe.

Kutoka barua hadi simu

Shauri la mbali limerudi. Afrika Mashariki ililijua mapema kupitia redio. Huduma ya Madaktari Warukao, iliyoanzishwa mwaka 1957, ilitumia mawimbi ya redio kuziunganisha hospitali na zahanati za maeneo ya mbali na madaktari wa Nairobi. Sasa simu ya mkononi imeifanya kila nyumba kuwa na sanduku la posta lake. Binti aliye Dar es Salaam anaelezea kikohozi cha baba yake aliye Kasulu; muuguzi anamtumia bingwa picha ya kidonda; mama anamwuliza daktari kuhusu mtoto kwa ujumbe mfupi. Mafunzo ya enzi za barua yanawahusu wote hao.

Kwa mgonjwa na jamaa zake: kabla ya kupiga simu, yapangeni maneno kama alivyofanya Boswell. Semeni umri, maradhi ya awali, siku ugonjwa ulipoanza, ulivyoendelea, dawa zote zilizotumika zikiwamo za miti shamba, na kama mgonjwa ni mjamzito. Semeni pia mgonjwa mwenyewe anadhani nini na anaogopa nini. Jambo la aibu lisifichwe, maana mara nyingi ndilo lenye ufunguo.

Kwa mtoa huduma: mwache mgonjwa amalize maelezo yake kabla ya kumkatiza kwa maswali. Andika shauri ulilolitoa na tarehe yake, kama Cullen. Kumbuka pia kwamba barua ya Boswell ilikuwa bora kwa sababu ilibeba sauti tatu: ya mgonjwa, ya rafiki aliyemjua, na ya Brocklesby, daktari aliyemwona kwa macho yake. Simu kwa bingwa huwa na nguvu zaidi pale inapopigwa na mhudumu aliyesimama kando ya kitanda, mwenye mikono ya kupima na macho ya kutazama.

Na kwa wote, mpaka uliojulikana mwaka 1784 haujafutwa na simu. Mgonjwa anayehema kwa shida, mwenye maumivu makali ya kifua, aliyepoteza fahamu, mwenye degedege au anayetokwa na damu nyingi. Mtoto mchanga anayekataa kunyonya. Mjamzito mwenye maumivu makali ya kichwa au macho yaliyofifia: hao wasisubiri jibu la ujumbe. Wapelekwe kituo cha afya mara moja, na simu ipigwe njiani.